Mshumaa wa Korbinian

Oberkreut, 4 Mei 1987

Wifi yangu Burgi,

Natumaini unaendelea vizuri na yale magoti yako yamepoa. Sisi huku si wazima, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu yetu iko ukumbini, na Korbinian ana masikio ya sungura.

Alianza kulalamika mgongo. Nikadhani ni kuni, maana mwanamume wa umri ule bado anapasua kuni kama mtu aliyetishwa. Daktari alimlaza, akampaka kitu cha baridi tumboni, akatazama kwenye ile mashine yao ya picha, kisha akanyamaza. Burgi, ukiona daktari ananyamaza, ujue. Anasema mshipa mkubwa wa damu, ule unaoshuka tumboni, umefura kama puto la mtoto. Ukipasuka, hakuna wa kumwahi. Wanataka kumpasua mwezi wa saba, waondoe pale palipofura na kumtilia mrija.

Unamjua mume wangu. Fahali anamshika pembe, lakini akiona sindano anatafuta mlango ulipo. Tangu siku ile hali chakula, hasemi, anakaa jikoni akitazama mikono yake. Nilimwambia, "Korbinian, wanaume wangapi wamepasuliwa na leo wako kanisani kila Jumapili?" Akanijibu, "Na wangapi wako nyuma ya kanisa, makaburini?"

Sasa nasikia wazee wa parokia yenu wanakwenda kuhiji Hilgenau kwa basi. Mama yetu alitembea kwa miguu mpaka Hilgenau mwaka ule kaka yangu Alois alipokuwa vitani. Alois akarudi, na wewe ukapata mume. Mimi sijawahi kufika. Mwenye ng'ombe hasafiri, na sasa siwezi kumwacha mgonjwa. Niwashie mshumaa kwa Bikira Maria, Mama wa Hilgenau, ule mkubwa mwekundu, mbele ya altare yake. Taja jina la Korbinian kwa sauti. Sina mwingine wa kumtuma. Tangu Alois atutoke, wewe ndiye ndugu niliyebaki naye.

Wifi yako,
Zenzi


Landshut, 19 Mei 1987

Zenzi mpenzi,

Tumekwenda na tumerudi, na hata sijui nianzie wapi.

Ukiwa nje huoni kitu. Kuta nyeupe, paa la vigae, ng'ombe wanakula majani mpaka karibu na mlango. Ungedhani ni ghala la nafaka lililoota mnara. Halafu unasukuma mlango. Zenzi, ilibidi nishike benchi! Dari halipo. Pale lilipopaswa kuwa dari pana mbingu, mawingu ya rangi ya waridi, watakatifu wanapaa na majoho yao yanapepea, malaika wamekaa ukingoni wananing'iniza miguu kama watoto juu ya gari la majani makavu. Plasta wameisokota na kuikunja mpaka imekuwa povu, na huwezi kusema ukuta unaishia wapi na picha inaanzia wapi. Dhahabu kila mahali. Nguzo za altare zimejipinda kama ute wa asali unapomiminwa. Juu ya mimbari kijimalaika kimoja kimejivika kofia ya askofu, imekiziba macho kabisa. Mzee mmoja wa kundi letu, aliyekuwa mwokaji mikate, alisema fundi wa kanisa hili alikuwa mwokaji mwenzake, kwa sababu hakujenga kanisa, alipamba keki.

Mshumaa wako niliwasha. Ule mwekundu. Nilitaja jina la Korbinian kwa sauti kama ulivyoagiza. Moto wake ulisimama wima, haukuyumba hata kidogo, na watu waliokuwa karibu wakasema ni dalili njema.

Basi mwambie ale. Nisamehe kwa mwandiko huu, mkono umechoka na safari.

Wako,
Burgi


Oberkreut, 2 Juni 1987

Burgi wangu,

Keti kwanza ndipo usome.

Barua yako nilimsomea Korbinian hapa jikoni. Nilipofika pale pa moto kusimama wima, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Mara nyingine." Kisha akauliza kama kuna chakula, akala madonge ya viazi na mchuzi wote wa nguruwe, akafuta sahani kwa mkate. Asubuhi yake akaamka hana maumivu. Mgongo kimya! Mpaka leo kimya. Jumapili nilisoma barua yako mbele ya akina mama baada ya rozari. Mke wa mshona viatu alilia waziwazi, na paroko akasema imani ya mama yetu imezaa tena.

Sijui nikulipe nini. Ulisimama pale kwa niaba yangu, na maombi yalisikika. Nimeacha nafasi chini ya karatasi, kuna mtu anataka kuandika mwenyewe.

Zenzi

Shemeji Burgi, ni mimi Korbinian. Zenzi kaenda kukamua. Mimi si mtu wa maneno. Nimempigia daktari nikamwambia kitanda changu ampe mwingine. Mgongo hauumi, Mama wa Hilgenau kafanya kazi yake, basi yeye daktari na kisu chake waende salama. Zenzi alilia kidogo, kisha akakubali. Asante sana, shemeji. Ukija nitakuchinjia bata.
K.


Landshut, 8 Juni 1987

Wifi Zenzi,

Nimefurahi kusikia anakula. Lakini hilo la kitanda limeninyima raha. Muulizeni daktari tena. Mgongo kutouma si lazima iwe na maana kwamba mshipa umepona. Nimemuuliza mfamasia wa hapa chini, anasema mshipa wa namna hiyo unaweza kukaa kimya kabisa mpaka siku yake. Na Zenzi, mshumaa ni mshumaa. Mama wa Mungu hajakataza madaktari. Pengine moto ulisimama wima kwa sababu tu hapakuwa na upepo.

Tafadhali arudishe ile tarehe. Nakuomba kama ndugu.

Burgi


Oberkreut, 15 Juni 1987

Burgi,

Barua yako sikumsomea. Nimeisoma peke yangu zizini, na imenichoma.

Wewe uliyesimama pale, uliyeona kwa macho yako, leo unaniambia habari za upepo? Sisi huku tunaona mtu aliyekuwa akingoja kifo sasa anageuza majani shambani. Daktari alipiga simu mwenyewe. Korbinian akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante daktari, siku njema," akakata.

Nimewaza sana kwa nini unaandika hivyo, na nitasema nilichofikia hata kama kitakuuma. Alois alipokuwa anaumwa uliwasha mishumaa Landshut nzima, na hakupona. Wangu amepona. Je, si hilo? Kama ni wivu sikulaumu, mimi pia ni binadamu. Lakini usiutie kwenye chakula chetu.

Zenzi


Landshut, 18 Juni 1987

Zenzi,

Sikuwasha mshumaa.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikiliacha mwisho sitalifikia.

Niliununua mlangoni, ule mwekundu, na niliingia nao mkononi. Kisha nikainua macho. Yote niliyokuandikia kuhusu dari ni kweli, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nilitazama mpaka kizunguzungu. Yule mzee mwokaji anaitwa Ottmar Pfisterer, ni mgane. Alinishikia kofia nisije nikaiangusha, akaniambia, "Tazama juu bila haya, Burgi, shingo haikuumbwa kwa ajili ya mkufu tu." Mkono wa pili nikautaka huru nimwonyeshe kile kijimalaika chenye kofia, kwa hiyo mshumaa nikautia kwenye mkoba. Nilicheka, Zenzi. Nilicheka kanisani kwa sauti mpaka mtu aliyekuwa akitutembeza akanikata jicho. Tangu kaka yako afariki sikuwahi kusahau hata kidogo kwamba mimi ni mjane. Pale nilisahau. Nilisahau ujane, nikasahau magoti, nikamsahau na Korbinian. Watu wa kijijini walikuwa wamepiga magoti mbele ya altare na shida zao, nasi tunawapita pembeni tukinyoosha vidole juu. Niliingia kama mtalii, nikatoka kama mtalii.

Nilikuja kuugusa ule mshumaa ndani ya basi, nikitafuta leso. Kanisa lilikuwa bado linaonekana nyuma yetu. Ningeweza kumwomba dereva ageuze. Niliona haya, watu wote walikuwa na njaa, na Ottmar angenitazama. Nikafunga mkoba. Nyumbani nikakuandikia uongo, na kwa kuwa uongo mtupu ulionekana mkavu, nikaupamba: moto wima, watu waliosema ni dalili njema. Nilidhani utampa hamu ya kula, basi. Sikujua angejiweka mzima mzima juu yake.

Ulisema ni wivu. Natamani ungekuwa wivu.

Mpigieni daktari leo. Nichukieni baadaye, muda upo. Na kwa kuwa leo nasema yote: Ottmar huja kwangu kila Alhamisi, tunakunywa kahawa.

Burgi


Landshut, 4 Julai 1987

Zenzi,

Hujajibu. Nimepiga simu, ukisikia sauti yangu unakata. Sawa, kata. Lakini siku moja pokea useme neno moja tu: amekwenda kwa daktari au hakwenda. Sitauliza la pili.

Burgi


Hospitalini, 26 Julai 1987

Burgi,

Yuko hai. Hilo ndilo neno ulilolitaka.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara moja nikaitia kwenye jiko, ikaungua kabla maziwa hayajachemka. Nilikuwa na hasira hata vidole vilikufa ganzi. Nikatoka kumtafuta nimwambie. Alikuwa juu ya ngazi anachuma cheri, na alikuwa anaimba. Burgi, hakuwa ameimba tangu alipolazwa mbele ya ile mashine. Akaniona, akanitupia cheri, akanipata kwenye paji la uso, akacheka kama mvulana. Nikajisemea, kesho. Kesho yake nikasema, baada ya Jumapili. Halafu nikaanza kujidanganya mwenyewe. Nikasema Mama wa Hilgenau huangalia nia, si nta. Nikasema pengine Burgi aliwasha kweli, ila sasa anadanganya kwa hofu. Nilipokuwa nakukata simu si kwamba nilikuchukia tu. Niliogopa ungeniuliza.

Alianguka wakati wa kugeuza majani. Alishika tumbo, akasema, "Zenzi, mgongo," akawa mweupe kama shuka. Helikopta ilitua kwenye shamba la jirani, kuku wote wakatawanyika. Mshipa ulikuwa umeanza kuvuja. Daktari mpasuaji alitoka akiwa ameloa jasho, akaniuliza, "Mama, kwa nini mlighairi?" Nikamtazama viatu.

Amekonda, sauti imekwisha. Damu haikufika vizuri mguuni, vidole viwili vya mguu wa kushoto vikafa, wamevikata. Ningemwambia siku ile ya cheri, angeingia hapa kwa miguu yake na vidole vyake vyote. Nimejaribu kuifikiria hesabu hii kwa namna nyingine, inatoka vilevile.

Hajui kitu. Anawaambia wauguzi kwamba mshumaa wa shemeji yake ndio uliomshikilia mpaka helikopta ikafika. Wanamsikiliza, wanamsifia. Anataka akipata nguvu twende Hilgenau sote watatu kushukuru, na nilipoulizwa nikatikisa kichwa kukubali. Uongo huu uliuanza peke yako, Burgi. Siwezi tena kusema ni wako peke yako.

Na huyo Ottmar. Kusahau mshumaa ninaweza kujilazimisha kukuelewa. Lakini ulipata furaha, ukanificha mimi. Kwani niliwahi kukuomba uzikwe pamoja na kaka yangu?

Zenzi


Landshut, 5 Agosti 1987

Wifi Zenzi,

Namshukuru Mungu, na sina haki hata ya kumshukuru.

Hilgenau sitakuja. Nikimfikiria Korbinian amesimama na fimbo yake, ananiuliza, "Shemeji, uliuwasha pale au pale?", najiona nikidanganya tena. Tafadhali mwambie. Au niruhusu nimwambie mimi. Nitasema ni mimi tu, wewe hukujua lolote.

Ottmar nimemwambia asije tena. Aliniuliza amekosa nini. Kahawa ilikuwa tayari mezani. Akasema, "Haya," akachukua kofia yake. Nisingeweza kukaa naye nikicheka huku vidole vya watu vikiwa vimekatwa.

Ulikuwa na haki ya kuniuliza lile la mwisho. Sikukuficha kwa sababu ya Alois. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa na mgonjwa, nikaona haya kuwa na kitu.

Burgi


Oberkreut, 30 Septemba 1987

Burgi,

Tumekwenda Hilgenau na basi la parokia. Korbinian alikuulizia, nikasema magoti yako. Ona, bado nadanganya, na sasa nakusingizia magoti.

Nilikuwa nimejiandaa kulichukia kanisa lile. Njia nzima nilijiambia: nitaingia, nitapiga magoti, nitaomba msamaha wangu, nitatoka, na sitainua macho kuangalia upuuzi uliomfanya Burgi asahau watu. Nilimshika Korbinian mkono, tukapanda ngazi polepole, mtu mmoja akatufungulia mlango.

Burgi, hata ishara ya msalaba sikuimaliza. Mkono uliishia begani. Hukuniambia kwamba pana mwanga wa namna ile, unaotoka nyuma ya nguzo na huoni dirisha. Hukuniambia habari za ule mguu wa malaika, upande wa kushoto, uliotoka kwenye picha ukaning'inia hewani. Nikataka kujua umechorwa au umefinyangwa. Nikasogea hatua, nikaona umechorwa. Nikasogea tena, nikaona una kivuli. Nikaenda mpaka upande wa pili, nikapinda shingo, watu wakawa wananikwepa. Sijui nilikaa pale muda gani. Sikuwa na mume, sikuwa na ng'ombe, sikuwa na kosa lolote.

Halafu nikasikia mwanamke mgeni nyuma yangu anasema, "Mzee, mkeo yuko wapi?" Na sauti ya Korbinian ikajibu, "Ni yule anayetazama juu."

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kibanda cha kitubio, jasho linamtoka, mguu umemwelemea. Yule mwanamke alikuwa anampepea kwa brosha ya kanisa. Alikuwa ameniita mara mbili. Mkono wake nilikuwa nimeuachia mimi mwenyewe, na sikumbuki kuuachia.

Nilikaa chini kando yake nikamwambia yote. Nilianza na yangu, ya cheri, kisha yako. Nilimwambia hapakuwa na mshumaa, hapakuwa na moto wima. Alisikiliza akitazama ile altare. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo nimepona bure?" Kisha akaanza kucheka, akashika mshono kwa mikono miwili kwa maumivu, na bado akacheka. Mimi nikacheka kwa kumwona. Ndipo akaacha ghafla, akanigeukia. "Siku ile ya cheri," akasema, "nilipokutupia cheri, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kwenye basi alikaa mbele na dereva.

Kwako hana kinyongo. Anasema, "Burgi alisahau. Mtu husahau." Kwangu ni jambo jingine, na ana haki. Mimi sikusahau, mimi nilikumbuka kila siku. Anazungumza na paka, anazungumza na mleta barua, kwangu huomba chumvi. Kila asubuhi namvisha soksi kwa sababu hawezi kuinama. Nikifika pale palipokatwa vidole yeye hutazama dirishani, nami huivuta soksi taratibu ili nisimwumize.

Jana alisema kitu kirefu kuliko chumvi. Alikuwa anazichanganya karata peke yake mezani. Hatujacheza tangu Alois afariki, maana mchezo wetu unataka watu wanne. Akasema bila kuinua kichwa, "Huyo mwokaji wa Burgi, anajua kucheza?"

Nikasema, "Sijui."

Akasema, "Muulize. Atakuwa upande wangu. Wewe na Burgi mtakaa upande mmoja, kwa kudanganya nyinyi ni mabingwa."

Hakucheka aliposema hivyo. Lakini alisema, Burgi, na alinitazama.

Basi nakuuliza. Nenda kwa huyo bwana, umwombe radhi, umwambie kosa halikuwa lake. Njooni Jumapili baada ya Misa. Kiti cha Alois asikikalie, nitamwekea kingine. Mimi na wewe hatujamaliza, sijui hata tutaanzia wapi. Ila bata ameshachaguliwa, na unga wa madonge nimeupima wa watu wanne.

Wifi yako,
Zenzi